Kuchemsha Hakuondoi Kila Sumu: Jinsi Kingamwili Zinavyofichua Sumu za Bakteria katika Chakula

Shughuli imekwisha, wageni wameanza kuaga, na jua halijazama watu wanaanza kutapika. Chakula kilipikwa alfajiri, kikafunikwa katika masufuria makubwa, kikaliwa saa nane mchana. Kufikia magharibi jirani anatapika, mtoto wake anatapika, na mgeni aliyetoka safari ya mbali amejilaza mkekani akishika tumbo. Haupiti muda neno linazunguka uani: "Wametiliwa sumu." Macho humgeukia mpishi, au mkwe asiyependwa, au mtu aliyegombana na mwenye nyumba juma lililopita.

Mabaki ya chakula yakipelekwa maabara, mtaalamu huenda akajaribu kuotesha bakteria na asipate hata mmoja. Jibu la "hakuna bakteria" lilitarajiwa limtetee mpishi. Badala yake humzidishia shaka. Watu husema: kama si vijidudu, basi ni nini kama si mkono wa mtu?

Sumu kweli huenda ilikuwamo, lakini haikutiwa na mtu yeyote. Iliachwa na bakteria ambao tayari walikuwa wamekufa chakula kilipopashwa moto. Makala hii inaeleza jinsi sumu ya namna hiyo inavyoweza kutambuliwa kwa kutumia kingamwili, kazi inayohitajika kuzitengeneza kingamwili hizo, mahali zinapofaulu na zinaposhindwa, na jambo ambalo mhudumu wa afya na mgonjwa wanapaswa kulifanya ili kipimo kiwe na maana.

Bakteria hufa, sumu hubaki

Mfano unaofahamika zaidi ni wa bakteria aitwaye Staphylococcus aureus, ambaye hapa tutamwita stafilokoki kwa ufupi. Huishi puani mwa takriban mtu 1 kati ya 3 bila kumdhuru. Hupatikana kwa wingi zaidi katika majipu, katika vidonda vyenye usaha vya vidole, na katika kiwele cha ng'ombe kilichovimba. Kutoka huko huingia katika maziwa, nyama iliyochambuliwa kwa mikono, kachumbari, mayai yaliyomenywa au keki yenye krimu. Chakula kikiachwa saa nyingi katika joto la kawaida la chumba, huzaliana. Wanapofikia wingi wa takriban bakteria 100,000 katika gramu moja, baadhi ya koo za stafilokoki huwa zimetoa sumu ya kutosha kumwangusha mtu. Sumu hizo huitwa enterotoksini.

Stafilokoki mwenyewe ni dhaifu mbele ya moto. Enterotoksini zake sivyo. Ni protini ndogo zilizojikunja na kujifunga barabara kiasi kwamba zinaweza kustahimili kuchemshwa kwa nusu saa, na vimeng'enya vya tumboni havizimeng'enyi kwa urahisi. Zikifika tumboni huchochea mishipa ya fahamu inayopeleka ujumbe kwenye sehemu ya ubongo inayoamuru kutapika. Ndiyo maana ugonjwa huanza haraka, kati ya dakika 30 na saa 8 baada ya kula: kichefuchefu, kutapika kwa nguvu, tumbo kusokota, na mara nyingi kuhara. Homa kali si kawaida yake. Wagonjwa wengi hupata nafuu katika muda wa siku moja, lakini mtoto mchanga, mzee au mtu aliyekwisha kudhoofika kwa maradhi mengine anaweza kupungukiwa maji mwilini hadi kufikia hatari.

Ukweli huu ulijulikana kwa gharama ya matumbo ya watafiti wenyewe. Mwaka 1914, huko Ufilipino, M. A. Barber alieleza jinsi maziwa ya ng'ombe mmoja yalivyomwumiza: yakinywewa yakiwa mabichi na mapya hayakuwa na neno, bali yakiachwa saa kadhaa katika joto la chumba yalimtapisha. Mwaka 1930, Gail Dack na wenzake wa Chicago walichunguza keki zilizowaugua watu, wakamwotesha stafilokoki, wakachuja majimaji aliyooteshwa ndani yake hadi kuondoa bakteria wote, kisha wakawapa watu waliojitolea. Wakaugua. Ikathibitika kwamba mwenye kosa ni kitu alichokitoa bakteria, si lazima bakteria awe hai.

Somo la Japani

Mwaka 2000, katika eneo la Osaka, Japani, zaidi ya watu 13,000 waliugua baada ya kutumia maziwa na bidhaa za maziwa zilizotengenezwa kiwandani. Uchunguzi uliufuata mnyororo wa uzalishaji nyuma hadi kwenye unga wa maziwa uliotoka kiwanda kingine, katika kisiwa cha Hokkaido. Huko umeme ulikuwa umekatika tarehe 31 Machi mwaka huohuo. Maziwa yalikaa saa kadhaa katika hali ya uvuguvugu, stafilokoki wakaongezeka na kutoa enterotoksini A. Baadaye maziwa yalipitishwa katika moto kama ilivyo desturi ya kiwanda. Bakteria wakafa. Sumu ikabaki, ikakaushwa pamoja na unga, ikasafiri, ikachanganywa upya na maji, ikafika mezani miezi kadhaa baadaye.

Kilichobainisha chanzo ni vipimo vilivyoitafuta sumu yenyewe. Watafiti walikadiria kwamba wengi wa walioathirika walimeza nanogramu 20 hadi 100 tu. Nanogramu moja ni sehemu moja kati ya sehemu bilioni moja za gramu. Kama enterotoksini ingekuwa na uzito wa chembe moja tu ya sukari, ingetosha kuwatapisha watu zaidi ya 1,000. Katika glasi ya maziwa yenye mafuta, sukari na maelfu ya protini halali, mtaalamu anatakiwa kukiona kitu kidogo kiasi hicho, na asikosee.

Kwa nini kingamwili

Kabla ya kupatikana njia bora, maabara zilitegemea wanyama. Chakula kilichoshukiwa kililishwa nyani au sampuli yake ilidungwa paka wadogo, kisha watu wakasubiri kuona kama watatapika. Njia hiyo ilikuwa ghali, ya mateso kwa wanyama, na haikutoa jibu sahihi kila mara.

Kingamwili zilileta njia nyingine. Hizi ni protini ambazo mwili huziunda ili kukitambua kitu kigeni na kukishika. Kila kingamwili ina ncha mbili zenye umbo maalumu, nazo hushika kipande kimoja mahususi cha umbo la kitu kinacholengwa, kama ufunguo unavyoingia katika kitasa chake na kukataa vingine. Mwili huzitumia kujilinda. Maabara huzitumia kutafuta. Zikimwagwa katika mchanganyiko wa protini elfu, zile zinazoijua enterotoksini A huishika enterotoksini A na kuziacha nyingine zipite.

Hatua ya kwanza ni kuwa na sumu safi, kwa kuwa mnyama akidungwa uchafu, atatengeneza kingamwili za uchafu. Kazi ya kuzisafisha enterotoksini ilifanywa kwa miaka mingi nchini Marekani na Merlin Bergdoll na wenzake. Sumu ikishapatikana, sungura au mbuzi hudungwa dozi ndogo, au sumu iliyokwisha kudhoofishwa, mara kadhaa kwa majuma. Damu yake hujaa kingamwili. Lakini hizo ni mchanganyiko: nyingine hushika kwa nguvu, nyingine kwa ulegevu, nyingine hushika hata visivyohusika. Tena mnyama akifa, chanzo kimekwisha, na mnyama wa pili hatatoa mchanganyiko ulio sawa na wa kwanza.

Tatizo hilo lilitatuliwa mwaka 1975 mjini Cambridge, Uingereza, na Georges Köhler na César Milstein. Walichukua chembe hai za wengu wa panya aliyekwisha kuchanjwa. Kila moja ya chembe hizo hutengeneza aina moja tu ya kingamwili, ila hufa upesi nje ya mwili. Wakaziunganisha na chembe za saratani, ambazo huishi na kugawanyika bila kikomo. Kilichozaliwa, kiitwacho haibridoma, kilirithi sifa za wazazi wote wawili: kutengeneza kingamwili ya aina moja, na kuendelea kuitengeneza miaka nenda, miaka rudi. Mwaka 1984 walipewa Tuzo ya Nobel pamoja na Niels Jerne.

Kwa msomaji aliyedhani kwamba kazi hii huisha pale chembe zinapounganishwa, ukweli ni kwamba hapo ndipo jasho linapoanzia. Haibridoma hutenganishwa hadi kila kisima cha sahani ya maabara kiwe na ukoo wa chembe moja. Mamia ya visima hupimwa kimoja baada ya kingine: je, majimaji yake yanaishika sumu? Kama yanaishika, je, yanashika pia sumu jirani? Enterotoksini A na E zinafanana sana, vivyo hivyo B na C. Koo nyingi hutupwa. Chache zinazobaki hugandishwa katika baridi kali na kuwa hazina ya maabara.

Kutoka kingamwili hadi kipimo

Kingamwili nzuri bado si kipimo. Inahitaji namna ya kumwonyesha mtu kwamba imeshika kitu. Mwaka 1971 Eva Engvall na Peter Perlmann wa Stockholm waliipa kingamwili kimeng'enya kinachobadilisha rangi ya majimaji. Watafiti wa Uholanzi nao walikuwa wakiifuata njia hiyohiyo. Mbinu hiyo ndiyo iitwayo ELISA.

Kwa sumu za chakula hutumika kingamwili mbili. Ya kwanza hubandikwa chini ya kisima. Majimaji yaliyotolewa katika chakula humwagwa juu yake, na kama sumu imo, hunaswa. Kisima huoshwa. Kisha huja kingamwili ya pili, iliyofungwa kimeng'enya, ikashika upande mwingine wa sumu hiyohiyo. Kisima huoshwa tena, na dawa ya rangi hutiwa. Rangi ikitokea, maana yake sumu imebanwa katikati ya kingamwili mbili. Kwa kuwa sharti zote mbili zikubaliane, makosa hupungua, kama ushahidi wa mashahidi wawili ulivyo na uzito kuliko wa mmoja.

Mhudumu wa afya wa zahanati anaijua kanuni hii hata kama hajawahi kuona sahani ya ELISA. Kipimo cha haraka cha malaria anachokitumia kila siku kimejengwa juu yake: tone la damu hutembea katika ukanda wa karatasi, hukutana na kingamwili zilizofungwa chembechembe za rangi, kisha hunaswa na mstari wa kingamwili za pili. Kipimo cha mimba cha mkojo ni ndugu yake. Vipo pia vipimo vya ukanda wa aina hiyo kwa enterotoksini.

Mitego iliyomo njiani

Chakula si maji safi, na hapo ndipo wengi waliotengeneza kingamwili bora hukwama. Mtego wa kwanza umewekwa na stafilokoki mwenyewe. Juu ya ngozi yake kuna protini iitwayo protini A, ambayo hushika mkia wa kingamwili za sungura na za wanyama wengine wengi. Katika kipimo, protini A inaweza kuziunganisha kingamwili mbili bila kuwapo sumu yoyote, rangi ikatokea, na chakula kisicho na hatia kikahukumiwa. Watafiti wamejibu kwa njia kadhaa. Wapo wanaokata mkia wa kingamwili na kubakiza ncha tu. Wapo wanaotia kwanza kingamwili za kawaida za sungura ili protini A ishibe. Na wapo waliomgeukia kuku: kuku akichanjwa, kingamwili zake hujikusanya katika kiini cha yai, na protini A haizishiki. Kwa njia hiyo hata damu ya mnyama haihitajiki. Yaokotwa mayai tu.

Mtego wa pili umo katika maziwa. Maziwa mabichi yana kimeng'enya chake cha asili kinachofanya kazi inayofanana na ya kimeng'enya kinachotumiwa sana katika ELISA, kwa hiyo yanaweza kutoa rangi ya uongo. Mtego wa tatu ni uchache wa sumu: gramu 25 za chakula husagwa katika maji, mafuta na mabonge hutenganishwa, na majimaji hupunguzwa hadi sumu iliyotawanyika ikusanyike. Ndipo kipimo hujaribiwa kwa kutia kiasi kinachojulikana cha sumu katika maziwa, jibini au nyama, na kuangalia ni kiasi gani kinachoonekana tena. Kipimo kinachoona vizuri katika maji na kupofuka katika jibini hakifai kitu. Utaratibu wa kimataifa wa kupima enterotoksini katika chakula kwa kingamwili ulichapishwa mwaka 2017 kama ISO 19020.

Mipaka ya kuheshimiwa

Kingamwili huona umbo, haioni madhara. Moto ukigeuza kidogo umbo la enterotoksini, kingamwili inaweza kushindwa kuitambua ilhali sumu haijapoteza nguvu yake yote. Tena, aina zaidi ya 20 za enterotoksini za stafilokoki na jamaa zake zimekwisha kujulikana, lakini vipimo vingi vya kununua hutafuta aina tano za kale tu, A hadi E. Jibu la "haikuonekana" linapaswa kusomwa hivyo: haikuonekana miongoni mwa zile zilizotafutwa.

Zipo pia sumu zinazowashinda watengeneza kingamwili. Bakteria aitwaye Bacillus cereus, anayependa wali uliopikwa na kuachwa nje usiku kucha, hutoa sumu ya kutapisha iitwayo sereulidi. Ni molekuli ndogo yenye umbo la pete, nayo hustahimili hata joto la nyuzi 121. Kwa udogo wake, mwili wa mnyama hauichukulii kwa urahisi kuwa adui wa kutengenezewa kingamwili, hivyo maabara huitafuta zaidi kwa mashine zinazopima uzito wa molekuli.

Sumu ya botulismi ni kinyume chake. Ni kali kupita zote hizi na hulemaza misuli ya kupumulia, lakini kuchemsha barabara huiharibu. Kwa miaka mingi kipimo chake cha kutegemewa kilikuwa kumdunga panya sampuli na kusubiri. Kuweka kingamwili mahali pa panya ni shabaha ya maabara nyingi. Afrika Mashariki haiko mbali na habari hii: mwaka 1980 jarida la kitabibu la Uingereza, BMJ, lilichapisha taarifa ya botulismi nchini Kenya miongoni mwa watu waliokula kumbikumbi.

Matumaini mapya yametoka kwa mnyama anayejulikana vyema kutoka Garissa hadi Omani. Mwaka 1993 kundi la Raymond Hamers wa Brussels lilitangaza kwamba ngamia ana kingamwili za namna ya pekee, zilizopungukiwa na sehemu ambayo za wanyama wengine wengi huwa nayo. Ncha yake ikikatwa peke yake hupatikana kingamwili ndogo mno, ambayo bakteria wa maabara wanaweza kufundishwa kuitengeneza, na ambayo mara nyingi huvumilia joto. Kwa kituo cha afya ambacho jokofu lake hutegemea umeme usio na uhakika, kipimo kisichoharibika kwa joto si anasa.

Lililo mikononi mwetu

Kingamwili bora duniani haiwezi kuipata sumu katika sampuli iliyokwisha kumwagwa. Kwa hiyo, mhudumu wa afya, watu kadhaa waliokula pamoja wakifika wakitapika ndani ya saa chache, uliza mambo matatu na uyaandike: walikula nini, saa ngapi, na dalili zilianza saa ngapi. Waulize pia waliokula wasiugue, maana tofauti kati ya sahani zao na za wagonjwa ndiyo mara nyingi huonyesha chakula chenye kosa. Agiza mabaki yasitupwe. Yawekwe katika chombo safi kilichofungwa, yaandikwe jina la chakula, tarehe na saa, yahifadhiwe katika baridi, na afisa afya ajulishwe mara moja. Katika fomu ya maabara usiandike "kuotesha bakteria" peke yake. Omba na kipimo cha sumu. Mgonjwa mpe maji yenye chumvi za ORS kidogo kidogo, na dripu kama hawezi kunywa. Antibiotiki haina kazi hapa, kwa kuwa haiwezi kuiondoa sumu iliyokwisha kumezwa. Lakini ukiona mgonjwa anaona vitu viwiliviwili, kope zinaanguka, au anashindwa kumeza na kusema, usisubiri: fikiria botulismi na umpeleke hospitali kubwa haraka.

Na wewe unayepika nyumbani au shughulini, mwenye jipu au kidonda cha kidole asishike chakula kilichoiva. Chakula kiliwe kingali moto, au kipozwe upesi katika vyombo vipana na kuwekwa kwenye jokofu. Kikikaa nje zaidi ya saa mbili, kukipasha moto kutaua bakteria, na sumu itabaki palepale. Maziwa yaliyochemshwa baada ya kukaa juani kutwa hayasafishiki kwa kuchemshwa. Mtoto akitapika kila anachokunywa, akiwa mlegevu, macho yamezama au hakojoi, apelekwe kituo cha afya bila kungoja asubuhi.

Tukirudi uani kwenye shughuli ile, mpishi bado ameketi peke yake jikoni, watu wakimkwepa. Anachohitaji ni sufuria lenye mabaki lisioshwe, mtu mmoja aliyeandika saa, na maabara inayojua kuitafuta sumu na si bakteria tu. Majibu yakirudi na jina la enterotoksini, majirani watajua kwamba kosa lilikuwa katika saa zile ambazo chakula kilikaa kikiwa vuguvugu. Kosa hilo linaweza kurekebishwa kabla ya shughuli ijayo, na mpishi akaamkiwa tena.